Usimpe staa miaka minne: kwa mnaoanza ligi za mikataba za NFL

Wakuu salama. Naona sikuhizi wabongo na wakenya wengi tulioko huku Marekani tunavutwa na watu wa kazini kuingia kwenye fantasi ya NFL (unaunda timu ya wachezaji halisi wa futiboli ya Marekani, wanachofanya uwanjani kinakupa pointi), na wengine wanarukia moja kwa moja ligi za dainasti zenye mikataba, zile ambazo timu yako unabaki nayo miaka na miaka. Mi niliingia 2017 hivo hivo, nafanya shifti ya usiku kwenye ghala moja hapa Texas, jamaa wawili wa foklifti wakaniambia kuna timu imebaki haina mwenyewe, nkasema mi FPL, ile fantasi ya ligi kuu ya Uingereza, nimecheza tangu niko nyumbani, hii itanishinda nini. Aisee. FPL ukiharibu una wildcard, unafumua timu nzima usiku mmoja na kesho unaanza upya. Huku ukishasaini umesaini.

Tuelewane kwanza ligi yetu ilivyo maana kila ligi ina mambo yake. Tuko timu 12, kila timu ina dola 250 za makaratasi, si hela ya kweli, kwa mwaka, hiyo ndo kepu ya mishahara, yaani kikomo cha mishahara ya kikosi chako chote, na wachezaji 24. Mwezi wa nane tunafanya mnada, ukimshinda mchezaji kwa dola 30 basi 30 ndo mshahara wake kila mwaka, afu wewe mwenyewe unaamua umpe mwaka mmoja, miwili, mpaka minne. Ila miaka nayo ina kikomo, kila timu ina miaka 50 tu ya kugawia kikosi kizima. Na ukimtema mtu kabla mkataba haujaisha, nusu ya mshahara wake inabaki kwenye kepu yako kila mwaka uliokuwa umebaki. Sisi tunaiita hela ya marehemu.

Sasa mgeni akiingia mnadani akili yake yote iko kwenye bei. Anabishana na nafsi yake dakika tano kama amlipe mtu 40 au 43, akishampata anajaza miaka fasta fasta kama anajaza fomu ya hospitali, staa anapewa minne kwasababu ni staa, yule wa dola 1 anapewa mmoja kwasababu ni wa kujazia benchi. Mi nilifanya hivohivo na ndo kinyume kabisa cha inavyotakiwa.

Chukua Todd Gurley, ranibeki (mkimbiaji na mpira) wa timu ya Rams. 2017 alikuwa mchezaji bora wa safu ya ushambuliaji NFL nzima, ana miaka 23, na kiangazi cha 2018 Rams wenyewe wakamuongezea mkataba wa miaka minne wenye dola milioni 45 za uhakika. Mi nkajiuliza kama wao wenye madaktari wamempa minne mi nani nikatae? Nkamchukua kwa 62, miaka minne. 2018 alinipa raha isiyo na mfano, tachidauni 21, yaani mabao ya huku. Halafu mwisho wa msimu goti likaanza, mwaka uliofuata yadi 857 tu za kukimbia, na mwezi wa tatu 2020 Rams wakamtema. Na mi nkamtema. Hesabu yake: 31 kwenye kepu yangu 2020, 31 nyingine 2021, na huo 2021 mwenyewe hakuwa hata na timu. Mwenzangu mmoja kwenye ligi alinicheka mwaka mzima, kila nikilalamika sina hela ananiuliza Gurley anaendeleaje.

Kilichoniuma ni kwamba bei haikuwa mbaya. Dola 62 kwa ule msimu wa 2018 ilikuwa halali kabisa, na ningempa miaka miwili ningekula ule utamu, ningevumilia 2019, afu ningetoka bila deni hata senti. Mchezaji yule yule, bei ile ile. Nilijinyonga kwenye kile kisanduku kidogo cha kuandika miaka.

Upande wa pili ni Puka Nacua, risiva, yaani mdaka mipira. 2023 Rams walimchukua raundi ya tano ya drafti, ambapo timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, wa 177, kwenye drafti yetu ya chipukizi ambayo ni raundi 3 tu hakuna aliyemgusa, akaangukia mnada wa mwezi wa nane. Mi nilikuwa nimesikia Cooper Kupp, risiva mkuu wa Rams, ana shida ya paja nkasema ngoja nimuokote huyu dogo, dola 1. Nkampa mwaka MMOJA. Mechi ya kwanza kadaka mipira 10 yadi 119, akamaliza msimu na mipira 105 na yadi 1,486, zote wakati huo zilikuwa rekodi ya NFL kwa chipukizi. Mwezi wa pili mkataba ukaisha, mwezi wa nane akarudi mnadani akaenda kwa dola 47 kwa mtu mwingine. Hebu fikiria ningempa minne, ningekuwa na risiva wa daraja la kwanza kwa dola 1 mpaka 2026. Na angekuwa garasa je? Kumtema ni senti hamsini kwa mwaka, kwetu inahesabiwa sifuri.

Ndo maana nawaambia mtu wa bei ya chini mpe miaka mingi, hasa kama ni kijana na ni risiva, na mtu wa bei kubwa mpe michache. Najua inaonekana kama kichekesho kumfunga usiyemjua miaka minne na kumfunga unayemuamini miwili, ila hatari yote iko kwenye mshahara mara nusu mara miaka iliyobaki, kaa na kalkuleta uone mwenyewe. Miaka 50 ukiigawa kwa wachezaji 24 ni kama miwili miwili na kidogo, kwahiyo huwezi kuwapa wote minne, chagua sita saba wa bei rahisi unaowaota usiku uwape hiyo minne, waliobaki mmoja au miwili.

Ranibeki mi sahivi simpi zaidi ya miwili hata awe nani. Wataniletea Derrick Henry, kweli 2024 ana miaka 30 kakimbia yadi 1,921 akiwa Ravens, sikatai, lakini huyo ni mmoja, na kwa kila Henry mmoja kuna akina Ezekiel Elliott waliopewa mkataba mrefu wa mamilioni na kutemwa kabla haujafika mwisho. Christian McCaffrey mwenyewe, 2020 kacheza mechi 3, 2021 mechi 7, 2023 ndo kinara wa ligi kwa yadi, 2024 mechi 4. Utampangia huyo miaka minne kwa kigezo gani? Kwotabeki, wale warusha mipira, ni tofauti, wanadumu, hapo nalegeza mpaka mitatu.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kuangalia mikataba yako inaisha lini kwa pamoja. Kuna mwaka nilijikuta wachezaji 15 wanaisha siku moja. Nkafurahi nna hela kibao, kumbe kila mtu ameshaona kepu yangu iko wazi, na mnadani kila nikiinua mkono kuna mtu ananipandishia tu makusudi anajua nitalipa, na wazuri waliokuwa sokoni ni wachache kuliko hela niliyokuwa nayo. Nililipa 38 kwa taiti endi ambaye sitaki hata kumtaja. Tangu hapo nna jedwali kwenye simu, wachezaji kwa chini, miaka kwa juu, nahakikisha wanaoisha kila mwaka hawazidi nane.

Soma katiba ya ligi kabla ya mnada, yote, hata kama imeandikwa vibaya. Tarehe 24 mwezi wa nane 2019 kwotabeki Andrew Luck alistaafu ghafla ana miaka 29, wiki mbili kabla ya msimu, na mmoja wetu alikuwa amempa mkataba mrefu wiki hiyo hiyo. Katiba yetu haikuwa na neno lolote kuhusu kustaafu. Ugomvi ulichukua siku kumi, kamishna, yaani msimamizi wa ligi yetu, akapigisha kura, jamaa akashindwa kwa kura moja akabaki na hela ya marehemu ya mtu aliye hai mzima kabisa. Sasa tuna kifungu. Uliza pia kepu yenu ni ya kudumu au inafuata ile ya NFL, maana ya NFL inapanda, 2021 ilishuka kwasababu ya korona mpaka dola milioni 182.5 lakini 2025 ilifika 279.2. Kama yenu inafuata hiyo, mshahara wa 40 leo utakuwa mwepesi miaka mitatu mbele na mikataba mirefu inapata nafuu kidogo. Yetu imeganda 250 kwahiyo 40 ni 40 tu.

Na ukishajua umekosea toa mapema. Denver walimtema kwotabeki wao Russell Wilson 2024 wakijua anawaachia mzigo wa dola milioni 85 kwenye kepu, sasa wewe na dola zako 14 za makaratasi unaogopa nini? Ila kabla ya kumtema jaribu kumuuza, mwezi wa kumi na moja timu zinazowania ubingwa zinakuwa na njaa, mtu mwenye mwaka mmoja uliobaki watamchukua hata na mshahara wake mzima, na wewe unaomba chaguo la raundi ya pili ya drafti. Mi nimeshafanya hivyo mara nne na sijawahi kujuta.

Halafu dedilaini. Kwetu wachezaji uliowaokota katikati ya msimu mfumo unawapa mwaka mmoja wenyewe usipowajazia miaka mpaka saa sita usiku siku ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili. Huyo Nacua nimesema nilimpa mmoja, ni kweli, ila kwetu unaruhusiwa kumuongezea mchezaji mmoja wa dola 1 siku hiyo hiyo kwa bei mara tatu. Dola 3 kwa mwaka! Nilikuwa ghalani napakua kontena, simu iko kwenye loka, nimetoka saa saba. Sahivi naweka alamu mbili, moja tarehe 28, nyingine siku yenyewe saa tatu usiku kabla sijaingia shifti, na mke wangu ana paswedi.