Kupata kelvini 2.7 si kufaulu mtihani

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini. Wanafunzi wangu wameuziwa kijitabu na bwana mmoja wa tuisheni huku Ngamiani. Anadai ulimwengu hauna mwanzo, na kwa fomula yake anapata joto la mionzi ya mandharinyuma (ile mionzi hafifu inayotufikia kutoka kila upande wa anga), kelvini 2.7, bila Mlipuko Mkuu (Big Bang). Nimekagua hesabu, namba inatoka kweli. Niwaambie nini vijana? Na nyinyi wataalamu mnazipimaje modeli za ulimwengu mchanga kwa mionzi hii?

JIBU: Marahaba mwalimu. Sina shaka hesabu inatoka. Maswali ya namna hii yananifikia kila mara, na karibu yote yamesimama juu ya namba hiyohiyo, kana kwamba aliyeifikia amekwisha shinda. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia.

Mwaka 1926 mwanaastronomia Arthur Eddington alikokotoa joto la anga kutokana na mwanga wa nyota peke yake, akapata kelvini 3.18. Mlipuko Mkuu haukuwamo kabisa katika hesabu yake. Ralph Alpher na Robert Herman, walioanza na ulimwengu uliokuwa wa moto, mwaka 1948 walikadiria kama 5. Ukihukumu kwa namba moja, Eddington kawashinda, na ilhali mionzi tunayoipokea si mwanga wa nyota. Satelaiti ya COBE, iliyorushwa 1989, haikupima joto tu. Ilipima nguvu ya mionzi katika urefu wa mawimbi mmoja baada ya mwingine, na vipimo vikakaa juu ya mkunjo wa gimba jeusi, yaani grafu ya mionzi ya kitu kinachong'aa kwa joto lake moja tu, kwa usahihi wa ajabu: kiasi cha kukosea kilikuwa chembamba kuliko wino wa mstari uliochorwa. Mwanga wa nyota uliotawanyika hauwezi kutoa mkunjo huo. Muulize bwana wa kijitabu mkunjo wake uko wapi.

Tena, katika modeli tunayoitumia leo, hiyo 2.7, au kwa usahihi zaidi 2.725, hatuitabiri. Tunaipima, kisha tunaiingiza kwenye hesabu. Anayejigamba kwa kuipata anajigamba kwa kitu ambacho hata sisi hatukitungii mtihani.

Mtihani wenyewe uko kwenye tofauti ndogo za joto kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, kama sehemu 1 kati ya 100,000. Mwanga wa mionzi hii uliachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kabla ya hapo maada na mwanga vilikuwa vimeshikana, na mawimbi ya sauti yakipita ndani yake. Kila modeli inalazimika kusema mawimbi hayo yaliacha tofauti kubwa kiasi gani kwa kila ukubwa wa eneo la anga. Miaka ya 1990 kulikuwa na wapinzani wawili wa maana. Modeli ya mfumuko, inayosema ulimwengu ulitanuka ghafla mno mwanzoni kabisa, ilisema kwenye grafu ya tofauti hizo kutaonekana vilele vinavyofuatana, cha kwanza kwenye eneo la digrii 1 hivi iwapo nafasi yenyewe ya ulimwengu haijapinda. Modeli ya nyuzi za ulimwengu (cosmic strings), yaani nyuzi nyembamba za nishati zinazodhaniwa zilibaki tangu mwanzo na kuvuta maada ikawa magalaksi, ilisema hapana, patakuwa na nundu moja pana. Mwaka 2000 matokeo ya puto la BOOMERanG, lililorushwa Antaktika, yalikionyesha kilele cha kwanza kikiwa chembamba na mahali pake. Satelaiti za WMAP na Planck zikaja kuonyesha vilele vinavyofuata. Nyuzi za ulimwengu kama chanzo kikuu cha magalaksi zikaishia hapo, ingawa waliozitetea walikuwa wanafizikia hodari.

Walikuwa wamesema mapema, ndiyo maana waliweza kushindwa. Mvuvi wa Sahare hasifiwi kwa kueleza bamvua ya juzi. Anasifiwa kwa kuwa alijua maji yatafika wapi kabla hayajafika.

Wapo pia wanaoitazama ramani ya mionzi na kuanza kuokota maumbo: duara, uso, namba takatifu. Timu ya WMAP yenyewe ilionyesha kwamba kwenye ramani yao zinasomeka S na H, herufi za mwanzo za jina la mwanafizikia Stephen Hawking. Ramani yenye madoa mengi hivyo haikosi umbo kwa anayelitafuta. Na pupa haiwaachi hata mabingwa. Machi 2014 timu ya BICEP2, darubini iliyoko Ncha ya Kusini, ilitangaza alama ya mawimbi ya uvutano ya enzi za mfumuko. Mwanzoni mwa 2015, walipounganisha data zao na za Planck, ikaonekana vumbi la galaksi yetu linatosha kueleza sehemu kubwa ya walichokiona. Wao walikubali kupimwa. Wauza vijitabu, na wanaolipia majarida yanayochapa chochote, wanakwepa kipimo hicho kwa makusudi, na hela wanazochukua ni za watoto wa shule. Nalisema hili kwa uchungu.

Vijana wako wasibishane naye. Data za Planck ziko wazi kwa yeyote, na programu ya CAMB, inayokokotoa grafu hiyo ya vilele, ni ya bure, inaendeshwa hata kwenye kompyuta ya kawaida. Waongeze maada ya kawaida waone kilele cha pili kinavyozama mbele ya cha kwanza, kisha wamwombe bwana huyo urefu wa kilele cha pili kwa fomula yake, aandike na tarehe.