Intaneti ya mnara au ya kebo nyumbani: nilichokiona baada ya miezi minne ya kuzitumia zote mbili

Umeuliza kama intaneti ya nyumbani inayotumia mawimbi ya mnara wa simu inaweza kuchukua nafasi ya kebo kwa mtu ambaye kazi yake ni simu za video, ikiwa zote mbili zinatangazwa kuwa na kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Nimekaa na laini zote mbili kwa wakati mmoja kwa miezi minne, kila moja na ruta yake, na jibu langu ni kwamba kasi hiyo iliyotangazwa haitakusaidia kuamua. Jambo la kupima ni muda ambao pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, huchukua kwenda na kurudi wakati laini imeelemewa, tena saa mbili usiku, wala si saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu.

Kazi yangu ni ukalimani wa mbali, kupitia simu za video. Sauti yangu ikichelewa, msemaji hudhani nimemaliza, naye huanza sentensi nyingine juu ya yangu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Mpaka huo ninaufahamu kwa masikio, kwa sababu ukivukwa sana, watu wawili wenye adabu zao huanza kukatizana bila kukusudia, kisha wote hunyamaza wakisubiriana.

Laini zikiwa tulivu, kebo yangu ilitoa milisekunde 14 hadi 18 kwenda na kurudi, na ya mnara ilitoa 35 hadi 50. Kwa tofauti hiyo peke yake nisingelalamika. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 5,000 itakugharimu milisekunde 50 hata ukiwa na laini bora kuliko zote, na kama wateja wako wako mbali hivyo, nyongeza ya mnara haitakuumiza sana. Wachezaji wa michezo ya kasi wataiona; mimi sikuiona.

Niliyoyaona yalikuwa mengine. Jioni moja nilikuwa katika kikao kupitia laini ya mnara, huku amri ya ping, inayopima muda huo wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, ikiendelea pembeni mwa kioo cha kompyuta: 38, 44, 41, kisha ghafla 190, 460, 720. Sikuwa nimegusa kitu chochote. Simu ya mwanangu, iliyokuwa mezani ikichajiwa, ilikuwa imeanza kupakia video za siku hiyo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nilipoizima Wi-Fi ya simu hiyo, namba zilirudi kwenye 40 baada ya sekunde chache.

Kilichotokea ni foleni. Data zinapoingia kwenye ruta au modemu kwa wingi kuliko zinavyoweza kutoka, kifaa huzihifadhi zikisubiri zamu, na kama nafasi hiyo ya kusubiria ni kubwa mno, pakiti ndogo ya sauti yangu hulazimika kusimama nyuma ya megabaiti kadhaa za video. Laini bado inapitisha data nyingi, ndiyo maana kipimo cha kasi kitakuambia kila kitu ni shwari. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel, ambayo hutazama pakiti zimekaa muda gani kwenye foleni badala ya kutazama foleni ina urefu gani, na leo ruta nyingi zina mipangilio iliyojengwa juu ya wazo hilo. Unaiwekea ruta kikomo cha kasi kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, kwa mfano asilimia 85 au 90, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako, mahali unapoweza kuisimamia.

Hapo ndipo kebo iliposhinda waziwazi. Kasi yake haikuyumba sana, kwa hiyo kikomo nilichokiweka mara moja kilifaa kuanzia asubuhi hadi usiku, na hata mtu akipakia faili kubwa muda wa kwenda na kurudi haukuzidi milisekunde 30. Kwenye laini ya mnara kasi ya kupakia ilikuwa megabiti 25 mchana na 6 usiku, kwa kuwa mnara hugawia kila mtumiaji nafasi kulingana na wangapi wanaomba na mawimbi ya kila mmoja ni safi kiasi gani. Kikomo kilichofaa mchana kilikuwa juu ya uwezo wa usiku, kwa hiyo hakikuzuia lolote. Mwishowe niliweka megabiti 5, nikakubali kupoteza zilizobaki, na hapo ndipo sauti ilipotulia.

Kabla hujakata tamaa na mnara, hamisha ruta. Yangu ilikuwa nyuma ya kabati, na ukurasa wake wa mipangilio ulionyesha nguvu ya mawimbi, RSRP, kuwa -108 dBm, na usafi wake, SINR, kuwa 3. Nilipoiweka dirishani upande unaotazama mnara, zikawa -94 na 14, zote mbili bora kuliko mwanzo. Usafi huo ndio muhimu zaidi, kwa sababu pakiti inayoharibika angani hurudiwa, na katika mfumo wa 4G kila kurudiwa huongeza takribani milisekunde 8.

Kebo nayo ina udhaifu wake. Ile ya shaba, iliyorithiwa kutoka televisheni, hugawanywa kwa nyumba nyingi za mtaa mmoja, na kwa kawaida sehemu ya masafa iliyotengewa kupakia ni finyu sana ikilinganishwa na ya kupakua. Faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, haina ufinyu huo. Zaidi ya hayo, kiungio changu cha nje kiliwahi kuingia maji, na kwa wiki nzima pakiti 3 katika kila 100 zilikuwa zikipotea. Kilipobadilishwa, upotevu uliisha kabisa.

Kwa hiyo, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya ili Wi-Fi isiingilie kipimo, acha ping ikimbie kwa dakika 10 usiku, na katikati yake pakia faili kubwa. Namba zikibaki chini ya 100, laini ya mnara itakutosha kwa simu za video. Zikipanda hadi mamia, na kikomo cha ruta kisizishushe, chukua kebo.

Mimi nilibaki na kebo kwa kazi, na ya mnara nikaiacha kama akiba. Siku kebo ilipokatika nje, nilihamia kwenye laini ya mnara katikati ya kikao, nikaomba simu zote za nyumbani zizimwe Wi-Fi, na saa mbili zilizobaki zikapita bila mtu yeyote kumkatiza mwenzake.