Make clean haiishi, mashine inakataa kazi

SWALI: Sisi wanne tunatumia seva moja ya Linux hapa Ibanda, wote kwa akaunti moja. Majuzi tulifuta folda ya zamani, majaribio, katika mradi wetu wa C. Tangu siku hiyo tukiandika make clean (amri ya kufuta mabaki ya ujenzi wa programu), skrini inajaa mistari ya make[1], make[2] hadi namba za mamia, halafu inatoka: fork: Resource temporarily unavailable. Kumbukumbu ya mashine bado ipo tele. Je, tupandishe ulimit, yaani kikomo cha michakato?
*Msomaji, Bukavu*

JIBU: Msipandishe kitu kwanza. Kerneli, kiini cha Linux, imekataa kuzaa mchakato mpya (programu inayoendeshwa) kwa sababu akaunti yenu imefikia idadi iliyoruhusiwa. Chanzo kiko kwenye namba ya ndani ya mabano. make[1] imeitwa na make nyingine, make[2] ni mjukuu. Mradi wa folda za ngazi tatu hauna sababu ya kufika make[40]. Namba ikipanda bila kushuka, make inajiita yenyewe.

Fungueni Makefile ya juu (faili ya maagizo ya make), sehemu ya clean. Bila shaka mtakuta mstari wa namna hii:

`cd majaribio; $(MAKE) clean`

Tatizo ni nuktamkato. Kwa sheli, programu inayosoma amri, maana yake ni "kisha fanya hili", amri ya kwanza iwe imefaulu au imeshindwa. Folda haipo, cd inashindwa, sheli inabaki palepale ilipokuwa, na make clean inaanza upya kwenye Makefile ileile, hadi mstari uleule. Hakuna inayomaliza: katika kila ngazi sheli na make zinakaa zikisubiri mtoto wao, kwa kawaida nafasi mbili kila mara. Kwa hesabu hiyo, kikomo kikiwa 4096, hamtavuka ngazi ya 2048. Andikeni hivi:

`cd majaribio && $(MAKE) clean`

au, safi zaidi, `$(MAKE) -C majaribio clean`. Sasa make itasimama na kusema folda haipo, nanyi mtaufuta mstari huo kwa amani. Tahadhari: msipime kwa `make -n clean`, ambayo kwa kawaida huonyesha amri tu bila kuzitekeleza. Mstari wenye $(MAKE) hutekelezwa hata kwa -n, na mzunguko utaanza tena. Wala msitumie sudo, maana kikomo hicho hakimfungi root, mtumiaji mkuu. Mzunguko utaendelea mpaka mashine nzima ikose nafasi.

Nafasi zikishajaa, bonyezeni Ctrl-C kwenye terminali ileile. Mkiwa kwenye terminali nyingine, hata ps, amri ya kuorodhesha michakato, itakataa, kwa kuwa nayo inahitaji mchakato wake. Hapo andikeni `exec pkill -x make`: pkill, inayoua michakato kwa jina, inachukua nafasi ya sheli yenyewe, haihitaji nafasi mpya. Terminali hiyo itafungwa, na make za wenzenu zitakufa pia.

Hilo la mwisho linatokana na akaunti moja. Linux huhesabu kwa mtumiaji, si kwa terminali, na kila uzi (thread) wa programu unahesabiwa. Linganisheni `ulimit -u` na `ps -L -u $USER --no-headers | wc -l`. Kila mtu apewe akaunti yake. Kama hata baada ya hapo nafasi hazitoshi, angalieni kama kuna anayeandika `make -j` bila namba: hiyo haina kikomo cha kazi. Wekeni -j4, yaani kazi nne kwa wakati mmoja.

SWALI: Nikifuta mabaki kwa rm *.o napata Argument list too long. Ni kikomo hichohicho?
*Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Hapana. Hapa sheli imegeuza *.o kuwa orodha ya majina ndefu kupita kiasi ambacho amri moja inaweza kupokea. Tumia:

`find . -maxdepth 1 -name '*.o' -delete`

find inafuta yenyewe, haiiti rm hata mara moja. Lakini -delete iwe ya mwisho daima. Ukiitanguliza mbele ya -name, itafuta kila faili inayoikuta kabla ya kuangalia jina.