Maswali Yenu: Injini ya Pili Ina Kazi Gani Ukiwa Songwe?

Barua nne za safari hii zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinahusu ndege ndogo za binafsi zenye injini mbili.

SWALI: Wahariri, salaam. Nafanya biashara ya mbao. Nimeletewa Piper Seminole ya zamani inayouzwa, na dalali anasema injini mbili ni usalama mara mbili, hasa kwa mtu atakayekuwa akiruka viwanja vya Nduli, Iringa, na Songwe, Mbeya. Mnasemaje?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Ndugu yetu, usilipe kwanza. Omba kitabu cha ndege hiyo, kisha tafuta mwinuko wa mwisho ambao inaweza kuufikia injini moja ikiwa imezima. Kwa Seminole isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyobeba uzito wake wote unaoruhusiwa, ni futi 3,800, na hata hapo inapanda futi 50 tu kwa dakika. Sasa linganisha: Songwe iko futi 4,412 juu ya usawa wa bahari, na Nduli futi 4,678. Ukipakia mpaka kikomo, halafu injini moja ikazima ndiyo kwanza umeacha lami, ile iliyobaki haina uwezo wa kukupandisha. Itakushusha, taratibu tu.

Tena hesabu hiyo ni ya siku ya baridi. Katika mwinuko wa Songwe vitabu huchukulia joto la kama nyuzi 6. Mchana wa Oktoba likifika nyuzi 28, umezidisha nyuzi 22, na kila nyuzi huongeza takriban futi 120. Injini inajiona iko futi 7,000, ingawa magurudumu yako bado yako chini. Injini isiyo na tabo hapo imekwisha kupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake hata kabla ya kuharibika chochote.

Wengi hudhani kuwa injini moja ikifa, nusu ya uwezo inabaki. Nusu ya nguvu inabaki, ndiyo, lakini nguvu nyingi hutumika kuiweka tu ndege hewani. Kupanda hutegemea ile ya ziada. Uwezo wa kupanda hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Kanuni za Marekani zilizotumika kuthibitisha ndege nyingi za kundi hili hazikulazimisha zile nyepesi, zisizozidi kilo 2,722 na zenye kasi ndogo ya kutua, ziweze kupanda kwa injini moja. Dalali hasemi uongo kwamba injini ni mbili. Ila hajakwambia ya pili inatosha kwa mwinuko gani.

Kama bado unataka injini mbili, tafuta yenye tabo. Kitabu cha Seneca II, ndege nyingine ya Piper, kinaonyesha futi 13,400 kwa injini moja, na hiyo kwa milima yetu ni habari nyingine kabisa. Usiichanganye na Seneca ya kwanza, ambayo haikuwa na tabo. Ukibaki na Seminole, ruka alfajiri, punguza abiria na mafuta, na kabla ya kuachia breki sema kwa sauti utakachofanya injini ikizima. Songwe ina njia ya kurukia yenye zaidi ya kilomita tatu. Ikiwa magurudumu bado yako nje na lami ipo mbele yako, funga nguvu za injini zote mbili, utue. Marubani wengi wamekufa kwa sababu walijaribu kupanda wakati uwanja ulikuwa bado uko chini yao.

Na uzito pimeni kwa mizani, abiria na mabegi. Cessna 402B iliyomuua mwimbaji Aaliyah na wenzake wanane kule Bahamas tarehe 25 Agosti 2001 ilikuwa imezidisha uzito, na mzigo umeelemea nyuma kupita kikomo. Petroli ya ndege nayo ina uzito: lita moja ni kama kilo 0.72, hivyo lita 400 ni kilo 288.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Kwa nini ndege ikipoteza injini moja hujipindua? Si ingeenda polepole tu?
*Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Marahaba, mwanetu. Piga picha watu wawili wanavuta mkokoteni, kila mmoja na kamba yake upande wake. Mmoja akiachia, mkokoteni haupungui kasi tu, unageuka. Kwenye ndege, injini nzima inavuta ubawa wake mbele, na propela ya ile iliyokufa inazungushwa na upepo na kuwa breki. Rubani hukanyaga pedali ili usukani wa mkiani uinyooshe ndege. Lakini usukani huo hutegemea upepo unaoupitia. Kasi ikishuka chini ya mstari mwekundu kwenye saa ya kasi, usukani unashindwa, pua inageuka, ubawa wa upande wa injini iliyokufa unazama, na ndege inalala mgongo.

Kwa hiyo marubani hufundishwa kushika mstari wa bluu, yaani kasi inayoipandisha ndege vizuri zaidi kwa injini moja, na kufuata mpangilio: nguvu zote mbele, magurudumu na flapu za mbawa ndani, kisha kutambua injini iliyokufa. Mguu usiofanya kazi ndio upande wa injini isiyofanya kazi. Halafu hakikisha: rudisha nyuma wenzo wa nguvu wa injini unayoishuku, kama hakuna kinachobadilika, umepata yenyewe. Hatua hii si ya kuruka. Taipei, tarehe 4 Februari 2015, rubani wa ATR 72, ndege kubwa kuliko hizi, alirudisha nyuma injini iliyo nzima, na watu 43 wakafa.

Mwisho, geuza bapa za propela ili makali yake yaelekee upepo zisiwe breki, na inamisha ndege nyuzi 2 hadi 5 upande wa injini nzima. Usichelewe. Propela nyingi za aina hii zina pini za kufunga bapa. Mzunguko ukishuka chini ya takriban 800 hadi 1,000 kwa dakika, bapa hazigeuki tena.

Huku kwetu juu kuna hatari nyingine. Injini isiyo na tabo hulegea kadiri unavyopanda, basi na ile kasi ya mstari mwekundu kwa kweli hushuka. Kasi ambayo mbawa huacha kubeba haishuki kwenye saa. Zikikutana, mbawa zinaacha kubeba wakati ndege inavutwa upande mmoja, na inaanza kuzunguka kama pia. Zoezi la kuruka kwa injini moja hadi mstari mwekundu lisifanywe chini ya futi 3,000 juu ya ardhi, na ardhi yenyewe hapa ni vilele vya Loleza na Rungwe, si usawa wa bahari.

SWALI: Tunahifadhi mafuta ya ndege kwenye mapipa. Tuangalie nini?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Mambo mawili: maji, na mafuta yasiyo yake. Laza pipa ubavu, vifuniko vyote viwili viwe mlalo, kimoja kulia na kimoja kushoto, mvua isituame juu yake. Lisimamishe kwa kuliinamisha saa kadhaa kabla ya kunyonya, na usinyonye ya chini kabisa. Unganisha waya wa kupeleka umeme wa msuguano ardhini. Chuja. Baada ya kujaza, subiri, kisha toa sampuli kila bomba la chini ya tangi.

Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ndani ya injini ya petroli ni mauti. Injini huwashwa na ndege hupaa kwa mafuta yaliyobaki kwenye mirija, halafu injini zote mbili huharibika pamoja. Hapo ya pili haisaidii kitu. Imetokea Las Cruces, Marekani, mwaka 2014, na Kokomo mwaka 2019. Neno "Turbo" ubavuni mwa ndege limewapotosha wajazaji mara nyingi. Rangi ya bluu ya petroli ya ndege peke yake isikuridhishe, kwani mchanganyiko nao huweza kuwa na bluu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli ya ndege hukauka, Jet A-1 huacha duara la mafuta.

SWALI: Ndege yetu hukaa miezi bila kuruka. Inatosha kuiwasha chini kila wiki?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Hapana, inadhuru. Kuwasha chini huzalisha mvuke ambao joto dogo haliuondoi. Kwenye injini za Lycoming kemshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu, oili huchuruzika yote, na kutu huanzia hapo. Irusheni walau saa nzima, oili ifike nyuzi 80 hivi. Na kwa kuwa Njombe ya Juni ni baridi, mtawasha hita: hita ya puani mwa ndege huchoma petroli, na ikitoboka humimina hewa ya sumu ndani. Ipimwe kwa shinikizo na fundi mwenye leseni, wekeni kipima hewa hiyo cha kielektroniki, na baada ya kutua iacheni kwenye feni dakika mbili au tatu kabla ya kuzima.