Pengo lililomkosesha mjomba usingizi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kila tukikaa barazani mjomba wangu hurudia neno moja: uchaguzi wa urais wa Kenya wa 2017, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikaa kwenye runinga usiku kucha na pengo la asilimia 11 hivi, halipandi halishuki. Anasema hiyo ni fomula ya kompyuta, kura za watu haziendi hivyo. Ni kweli?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiku ule nami sikulala, na pengo lile lilinitia shaka mpaka niliposhika kalamu. Shika na wewe.

Tuseme zimehesabiwa kura 10,000 tu, Uhuru anaongoza kwa 1,100. Zinaingia 10,000 nyingine kutoka ngome ya Raila: yeye 8,000, Uhuru 2,000. Papo hapo Raila yuko mbele kwa kura 4,900 kati ya 20,000, asilimia 24 na nusu!

Sasa kura zilizokwisha kuingia ziwe milioni 10, pengo lile lile la asilimia 11, yaani kura 1,100,000. Leta tena zile 10,000 za ngomeni. Pengo linabaki 1,094,000, sawa na asilimia 10.93. Nani ataliona hilo kwenye runinga? Kura zile zimehesabiwa zote, ila zimeingia kwenye bahari.

Tena vituo 40,883 vilituma matokeo bila kungojana, Kisumu, Kiambu na Kwale vikachanganyika. Yangeletwa kaunti moja moja, pengo lingeyumba. Na hata hivyo lilisogea: matokeo ya mwisho yalikuwa 54.27 kwa 44.74, chini ya asilimia 10.

Mjomba atakuuliza, mbona basi Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi? Ilifuta, tarehe 1 Septemba, majaji wanne kwa wawili. Lakini Jaji Mkuu Maraga na wenzake walishika jinsi matokeo yalivyotumwa, kasoro za fomu, na tume ya uchaguzi kutofungua seva zake ilivyoamriwa. Hilo ndilo linaloniuma: watu walikuwa na lalamiko la haki, lenye karatasi mkononi, na mpaka leo barazani wanatetea asilimia 11.

Muulize mjomba kuhusu kituo alichopigia kura yeye mwenyewe. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, iliyobandikwa mlangoni ilisomaje, na ile iliyotumwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura Nairobi, ilisomaje?