Kamera Ambayo Timu Haikuiomba: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kurekodi Kambini

Siku ya kwanza nilipopelekwa kurekodi kambi ya timu ya ligi kuu, nilikuwa na barua yenye muhuri wa uongozi iliyoagiza nipewe ushirikiano wote. Nilimkuta mtunza vifaa akipanga jezi za mazoezi kwa namba juu ya benchi, nikamwamkia, nikamkabidhi barua. Aliisoma mpaka chini, akaikunja vizuri, akanirudishia na kusema, "Barua hii ni ya ofisini, mwanangu. Huku ni chumbani." Kisha akaendelea na jezi zake. Nilikaa nje ya mlango ule siku tatu, vipaza sauti vikiwa begini, nikisaidia kubeba koni na chupa za maji, na siku ya nne ndipo aliponiambia niingize begi langu ndani, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja.

Ninawaandikia vijana mnaoingia katika kazi ya kurekodi maisha ya timu nyuma ya pazia, iwe mnashika kamera, mnanasa sauti kama mimi, au mmeajiriwa upande wa klabu katika kitengo cha habari. Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kudhani kwamba ruhusa iliyotolewa juu hushuka yenyewe mpaka kwa mtu atakayefungwa waya kifuani. Haishuki. Mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili ni Marekani, kwa sababu huko ruhusa hiyo iligeuzwa kuwa amri ya maandishi, na matokeo yake yanaonekana wazi.

Mwaka 2001, kituo cha televisheni cha HBO na NFL Films, kampuni ya filamu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, walianza kurusha Hard Knocks, kipindi kinachofuatilia timu moja ya ligi hiyo katika kambi ya kabla ya msimu, na timu ya kwanza ilikuwa Baltimore Ravens, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa. Kwa miaka mingi timu zilijitolea zenyewe. Tatizo ni kwamba makocha wengi hawapendi kamera kambini, na waliojitolea wakawa wachache. Cincinnati Bengals, kwa mfano, walirekodiwa mwaka 2009 na wakarekodiwa tena 2013. Oktoba mwaka huo wamiliki wa timu walipitisha kanuni iliyoiwezesha ligi kuilazimisha timu kushiriki endapo hakuna aliyejitokeza. Wakati huo kanuni hiyo iliisamehe timu yenye kocha mkuu mpya, timu iliyofika hatua ya mtoano katika mmoja wa misimu miwili iliyotangulia, na timu iliyokwisha kuonekana katika kipindi hicho ndani ya miaka kumi.

Yasome masharti hayo polepole, kama unavyosoma mkataba wako mwenyewe. Ukiwaondoa waliosamehewa, waliobaki walikuwa timu zilizokuwa zikifungwa, chini ya makocha waliokaa muda wa kutosha kulaumiwa. Kwa hiyo kamera zilipelekwa palipokuwa na wasiwasi mkubwa zaidi wa ajira. Mwaka 2023 waliobaki walikuwa wanne: Chicago Bears, Washington Commanders, New York Jets na New Orleans Saints. Ikachaguliwa Jets, ambayo ilikuwa imetoka kumpata mrusha mpira nyota, Aaron Rodgers, kutoka timu ya Green Bay, ingawa kocha wake, Robert Saleh, alikuwa ameshasema hadharani kwamba zipo timu ambazo zingefurahi kukipokea kipindi hicho na kwamba yake si mojawapo. Kamera ziliingia hivyo hivyo. Msimu ulipoanza, Rodgers aliumia kano ya kisigino katika mchezo wake wa kwanza, akiwa amecheza dakika chache tu, na yale yote yaliyorekodiwa kiangazi kizima kuhusu matumaini ya timu yakabaki kuwa kumbukumbu ya kitu ambacho hakikutokea.

Mimi si mpinzani wa kanuni hiyo. Fedha za televisheni ya kitaifa katika ligi ile hugawanywa sawa kwa timu zote 32, na anayekula sawa na wenzake hawezi kukataa zamu ya kuosha vyombo. Ninachowaomba mkitazame ni nani aliyepiga kura. Waliopiga kura ni wamiliki. NFL Films ni mali ya ligi. Ligi ni ya wamiliki hao hao. Mwenye amri, mwenye kamera na mwenye jengo ni watu wa nyumba moja, lakini mchezaji wa akiba anayelala chumba cha mwisho kambini, ambaye ndiye sura yake itakayoonekana, hakuwa katika kikao hicho. Ukianza kazi ukiwa na picha hiyo kichwani, utamsalimia mchezaji huyo kwa namna nyingine.

Nyumbani jambo hili si geni. Kanuni za ligi yetu ya Tanzania huwataka makocha na manahodha wajitokeze mbele ya waandishi kabla ya mchezo, na klabu zimewahi kutozwa faini kwa kuwazuia wapiga picha wa mrushaji wa matangazo wasiingie chumba cha kuvalia. Faini hulipwa na mlango hufunguliwa. Lakini mwenye kuingia kwa nguvu ya faini hurekodi wanaume ishirini na watano waliokaa kimya wakiangalia viatu vyao, na mhariri akimuuliza jioni kwa nini hakuna kitu, hana jibu la kumpa. (Nimewahi kuwa mtu huyo, na viatu nilivyovirekodi vilikuwa vizuri sana.)

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, yaani kipaza sauti. Kamera mchezaji anaiona. Akitaka kuikwepa atageuka. Kipaza sauti kilichofungwa kifuani hukisahau baada ya dakika kumi, na hapo ndipo uaminifu wako unapoanza kupimwa. Katika kambi moja nilimfunga nahodha kipaza sauti wakati wa mazoezi ya asubuhi. Mazoezi yalipokwisha akatembea kuelekea nyuma ya jiko, akatoa simu, akaanza kuzungumza na mtu wa familia yake kuhusu mishahara ya miezi miwili ambayo haijaingia na ada ya mtoto inayodaiwa shuleni. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Ningepaswa kushusha sauti yake mara ile ile na kusimamisha kinasa. Badala yake nilisimama nikisikiliza, kwa sababu, niseme kweli, mazungumzo yalikuwa ya kuvutia. Jioni mwongozaji alipokuwa akipitia kazi ya siku aliyakuta, akatabasamu, akasema hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tulibishana kwa muda mrefu. Mwishowe nilikwenda kwa nahodha kabla ya chakula cha usiku, nikamweleza nilichokinasa na kwamba kosa ni langu. Alikaa kimya, halafu akauliza swali moja: wangapi wamesikia? Nikamwambia wawili. Akataka kifutwe mbele ya macho yake, na tukakifuta huku ameshika kingo za meza. Kwa wiki mbili zilizofuata hakukubali kuvaa kipaza sauti, na wachezaji wengine walimfuata bila kuambizana. Ile asubuhi moja ya uzembe wangu iligharimu nusu ya kazi yote.

Tangu siku hiyo, kila mchezaji ninayemfunga waya ninamwonyesha kwanza swichi ilipo, ninamwekea kidole chake juu yake, na kumwambia kwamba akienda kupiga simu, kuswali au kuzungumza na daktari aizime bila kuniomba. Akisahau, ninashusha sauti yake mimi mwenyewe na kuvua hedifoni kabisa, ili yeyote anayenitazama kwa mbali aone kwamba sisikilizi. Hilo la kuvua hedifoni hakuna chuo kilichonifundisha, na limenifaa kuliko barua zote nilizowahi kubeba.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni siku ya kuachwa. Katika NFL timu huenda kambini na wachezaji 90 na hulazimika kubaki na 53 kabla ya msimu, maana yake kila timu huwaondoa 37 orodhani, ingawa baadhi yao hurudishwa katika kikosi cha mazoezi. Mjumbe anayemfuata mchezaji na kumwambia aende kwa kocha na kitabu chake cha mbinu, wachezaji humwita Mturuki, na mtu huyo akionekana koridoni asubuhi mazungumzo hukatika. Matukio hayo ndiyo yaliyokijengea kipindi kile sifa yake. Mwaka 2012, katika kambi ya Miami Dolphins, beki Vontae Davis aliitwa ofisini na kuambiwa kwamba amehamishiwa Indianapolis, na moja ya mambo ya kwanza aliyouliza ni kama anaweza kumpigia simu bibi yake. Yeye alikuwa mchezaji wa kiwango cha juu, mwenye mkataba na timu inayomsubiri. Fikiria sasa yule asiyesubiriwa na timu yoyote.

Niliwahi kuwa nje ya mlango wa chumba cha namna hiyo. Kijana alikuwa winga wa miaka ishirini aliyekuja kwa majaribio, na kocha alimweleza kwa dakika nne, kwa upole, kwamba nafasi imejaa. Akajibu, "Sawa kocha, asante." Akasimama, akajaribu kuvua kipaza sauti mwenyewe, lakini waya ulikuwa umepita chini ya bibu, ile fulana ya mazoezi, na kushikwa na gundi mgongoni, na kadiri alivyovuta ndivyo ulivyozidi kujikaza. Ilinibidi niingie nimfungue. Nilisimama nyuma yake nikibandua gundi taratibu, kocha akiangalia dirishani, na hakuna aliyesema neno. Kamera iliendelea kurekodi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima.

Kwa hiyo, ukipangiwa siku kama hiyo, tega kamera mahali pamoja mapema na utoke chumbani, kwa maana mwanamume hawezi kuambiwa habari ile huku mgeni akimzunguka kutafuta pembe nzuri. Funga waya kwa namna ambayo mwenyewe anaweza kuuvua. Muulize kabla kama anakubali, na muulize tena siku mbili baadaye, kwa sababu ndiyo ya mtu ambaye bado anatumaini kusajiliwa si ndiyo huru. Anaogopa kwamba akikataa ataonekana mkorofi. Akishatoka mlangoni usimfuate koridoni. Utapoteza picha nzuri, ni kweli, na mwongozaji atalalamika.

Kwa ninyi mlio upande wa klabu nina neno fupi. Katika utaratibu wa Marekani klabu hupewa nafasi ya kutazama kipindi kabla hakijarushwa, hasa kulinda siri za mbinu, na kwa kuwa kipindi hutoka kila wiki wakati kambi bado inaendelea, muda wa kutazama ni mfupi. Ukipewa nafasi hiyo, usitazame midomo ya wanaozungumza, kwa sababu hiyo kocha ataitazama mwenyewe. Tazama nyuma yao: ubao wenye mchoro wa mpira wa kona, orodha ya vyumba iliyobandikwa ukutani, boksi la dawa juu ya meza ya daktari likiwa na jina la mchezaji. Mimi nimeshaona boksi kama hilo likipita mara tatu mbele ya watu watano bila kugunduliwa.

Na mkumbuke kwamba maneno yaliyorekodiwa huendelea kubadilika maana baada ya kurushwa. Mwaka 2024 New York Giants waliruhusu ofisi zao zirekodiwe wakati wa usajili kwa ajili ya toleo jingine la Hard Knocks, na mmiliki wao, John Mara, alisikika akimwambia meneja wake kwamba atapata shida kulala iwapo mkimbiaji wao, Saquon Barkley, atakwenda kwa mahasimu wao, Philadelphia. Kipindi kilipotoka Barkley alikuwa tayari ameshakwenda huko, na watu wakacheka kidogo. Msimu ule Barkley akakimbia yadi 2,005, Philadelphia wakatwaa ubingwa Februari 2025, na Giants wakamaliza na ushindi wa michezo mitatu kati ya 17. Sentensi ile ile moja, ambayo ilipitishwa kama utani wa mzee ofisini, ikawa inarudiwa kila wiki. Hakuna mhariri ambaye angeweza kuliona hilo mapema, na ndiyo maana simlaumu aliyeiacha. Ninachokishauri ni kwamba mtu akisema jambo kuhusu mwenzake anayeondoka, lisikilizeni mara mbili.

La mwisho ni lile ambalo karibu kila mkataba niliousoma umelitaja kwa mstari mmoja au haukulitaja kabisa, yaani saa zote ambazo hazikutumika. Kwa kila dakika inayorushwa kuna saa nyingi za watu wakila, wakigombana, wakilia na kuswali, na zote zimo kwenye diski. Uliza siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, diski hizo zitakaa wapi, ufunguo atakuwa nao nani, na zitafutwa lini. Katika kambi ile ya winga niliyemtaja, wote niliowauliza walidhani ni kazi ya mwingine, na nilipoondoka zilikuwa kwenye droo isiyo na kufuli pamoja na filimbi na karatasi za mahudhurio. Nilizihesabu, zikawa kumi na nne, nikaandika hati ya makabidhiano kwa mkono na kumtafuta wa kuisaini. Aliyekubali kusaini ni mtunza vifaa.