Mume wangu aombewe au apelekwe hospitali?

SWALI: Bwana asifiwe, Mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole. Mume wangu ni seremala Gikomba, na akiwa timamu hakuna fundi kama yeye. Shida ni pombe. Alianza na bia za wikendi, siku hizi ni chang'aa, na asubuhi lazima atoe lock, yaani anywe kidogo, ndipo mikono iache kutetemeka ashike msumeno. Juzi alipokea arubuni ya kitanda cha mteja akainywa yote. Mwaka jana aliombewa kwenye kesha, akaanguka, tukaambiwa amefunguliwa. Akaacha ghafla. Usiku wa pili alitoa jasho hadi shuka likalowa, akapiga mayowe kwamba panya wanapanda ukutani. Tulikemea pepo mpaka alfajiri. Shemeji alipoleta kikombe cha chang'aa, akanywa, akatulia, mambo yakarudi palepale. Sasa mwenyewe anataka kuacha. Kanisani wanasema afunge kavu siku tatu mwanzo wa mwezi ujao. Binamu yangu anamwita kwenye kikundi cha hatua kumi na mbili, lakini mchungaji anasema hicho si cha Kikristo, na kwamba hospitali ni kukosa imani. Nimsikize nani?
Mama Wawili, Kayole

JIBU: Mama Wawili, asiingie kwenye mfungo huo. Nalitanguliza hili kwa sababu linaweza kumuua.

Wale panya wa ukutani nawajua. Nilipokuwa muuguzi wa zamu ya usiku, niliwashika mikono wanaume waliowaona, wengine wakichuna wadudu kwenye blanketi safi kabisa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa ghafla huchachamaa. Saa chache tu baada ya kikombe cha mwisho huja kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili kifafa kinaweza kumwangusha. Kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, homa ikapanda, akaona yasiyokuwepo, na asipotibiwa hapo anaweza kupoteza maisha. Pepo gani hutulizwa kwa chang'aa, dada yangu? Kilichotulia usiku ule ni mwili uliopewa ulichokuwa ukikidai.

Kwa hiyo kwanza ni daktari, tena kabla hajakata pombe. Mwambieni yote: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na yaliyotokea mwaka jana. Hilo la mwisho msilifiche kwa aibu, maana aliyewahi kupata hali hiyo yuko kwenye hatari ya kuipata tena. Kwa kawaida hupewa dawa ya kutuliza kwa siku kadhaa, ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu hula vibaya na upungufu wake huharibu ubongo. Ndiyo maana kufunga kavu kwa mtu wa namna hii kunanitia hofu. Na tafadhali msimnunulie vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa mkamtibu nyumbani. Hospitali ya Mathari, Barabara ya Thika, inahudumia waraibu.

Sasa imani. Mimi ni mzee wa kanisa, na naamini kwa moyo wote kwamba Yesu hufungua watu. Lakini soma Yohana 11. Lazaro alitoka kaburini kwa sauti ya Bwana, naye bado amefungwa sanda mikono na miguu, na Bwana akawaagiza waliokuwapo wamfungue. Bwana angeshindwa kuidondosha ile sanda mwenyewe? Aliwaachia watu kazi hiyo. Makanisa yetu mengi hupenda sana ile sauti ya kaburini, kisha sanda hatuna muda nayo. Mtu anaombewa Ijumaa, Jumatatu yuko peke yake mbele ya kibanda cha chang'aa na mfuko una mia mbili.

Kikundi anachokitaja binamu yako, Alcoholics Anonymous (AA), kimekusudiwa Jumatatu hiyo. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith, wote walevi. Walikuwa wamepitia ushirika wa Kikristo uliosisitiza kuungama na kulipa ulichodhulumu, na hayo yameingia kwenye hatua zao. Hatua ya tano ni kukiri makosa yako mbele za Mungu na mbele ya mtu mwingine, jambo ambalo Yakobo 5:16 inaliagiza. Hatua ya tisa, kuwalipa uliowakosea, ni Zakayo mtupu, yule aliyerudisha alichodhulumu. Mume wako atamfuata yule mwenye kitanda, atamwambia ukweli, na atakitengeneza, hata kama itabidi alipe mbao kidogo kidogo.

Huenda kinachomkwaza mchungaji ni kwamba kikundi hicho humtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa. Ni kweli, kwa sababu si kanisa na hakimfukuzi mtu kwa dini yake. Mume wako hakatazwi kumwita Mungu wake Yesu. Wanaotaka jina hilo litajwe wazi wana pia Celebrate Recovery, iliyoanza mwaka 1991 katika kanisa moja la California, na kanuni zake nane zimejengwa juu ya zile Heri za Mathayo 5. Mchungaji aendelee kumwombea. Mwombe hata awasindikize hospitalini, na ninatumaini atakubali.

Wewe nawe unahitaji watu. Mke wa Bill, Lois, alishiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, kwa kuwa aliona wake wanavyochakaa kimyakimya. Acha kumdanganyia wateja kwamba ni mgonjwa, na usimlipie deni la chang'aa. Kodi na karo zipite kwenye simu yako, mkubaliane hivyo akiwa timamu.

Akipata kifafa, akichanganyikiwa au homa ikipanda, ni hospitali usiku huohuo, hata kama maombi yanaendelea. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini isiyolipishwa, 1192. Piga wiki hii, yeye akiwa ameketi kando yako, na umwachie azungumze mwenyewe.